Maswali Yenu: Seva Hiyo Itatunzwa na Nani?

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nyingi zinaelekea upande mmoja: watu wanataka kuondoa picha, mafaili na kalenda zao kwenye huduma za makampuni makubwa na kuziweka katika seva, yaani mashine inayowahudumia vifaa vingine, iliyo mikononi mwao. Nimefurahi mno. Mimi naandika programu huria, natunza maktaba ndogo ya msimbo inayosoma mafaili ya kalenda, na nyumbani nina kompyuta ndogo isiyo na feni inayofanya kazi usiku na mchana. Katika kila jibu mtaniona narudi kwenye swali lile lile, kwamba kitu hiki kitatunzwa na nani na kwa muda gani, maana ndilo linaloamua kama kitadumu.

SWALI: Salaam Fundi. Nina kompyuta ya mkononi ya zamani, kioo kimepasuka lakini inawaka vizuri. Nataka niigeuze seva ya kuhifadhi picha za familia. Nianze na programu gani? (Baba wa watoto watatu)

JIBU: Salaam sana. Kioo kisikusumbue, seva haina haja nacho baada ya siku ya kwanza. Ila picha ziwe za mwisho kuhamia humo. Picha za watoto ni kitu ambacho hakitengenezeki upya, nawe bado hujazoea kuihudumia mashine. Anza na kitu ambacho kikipotea utaudhika jioni moja tu, kesho yake uendelee na maisha.

Mimi huwashauri watu waanze na Syncthing. Inalinganisha folda za simu na za kompyuta moja kwa moja, hakuna seva ya katikati inayoshika mafaili yako, na kwa kawaida huhitaji kufungua mlango wowote wa kuingilia kutoka nje kwenye ruta. Cha pili kiwe kisoma milisho kama FreshRSS, kinachokukusanyia makala mpya za tovuti unazozifuata kwa mpangilio wa tarehe, bila mtu mwingine kukuchagulia usome nini. Google ilikuwa na huduma ya namna hiyo, Google Reader, ikaifunga tarehe 1 Julai 2013 huku watu walioitegemea kila asubuhi wakiomba iachwe. Mimi ni mmoja wa walioanza kuweka seva zao kwa sababu ya siku ile.

Mfumo endeshi uwe Debian. Upo tangu 1993, unatengenezwa na watu wanaojitolea, unatoa toleo jipya kila baada ya miaka miwili hivi, na kila toleo linapata viraka (marekebisho) vya usalama kwa takriban miaka mitano ukihesabu na kipindi cha nyongeza. Weka paketi iitwayo unattended-upgrades ili viraka viingie vyenyewe. Programu ulizoweka kwa kontena, yaani zilizofungashwa pamoja na mahitaji yake yote, hazimo katika mpango huo. Hizo utazisasisha mwenyewe, kwa hiyo jiwekee siku. Yangu ni Jumamosi asubuhi: nasoma maelezo ya toleo kwanza, nachukua nakala, ndipo nasasisha.

Kuna mambo mawili ya kompyuta ya mkononi ambayo watu huyasahau. La kwanza ni betri. Inakusaidia umeme unapokatika, lakini ikikaa kwenye chaji mwaka mzima inaweza kuvimba. Iangalie mara kwa mara, na ukiona kibodi imeinuka au mashine haikai sawa mezani, izime na betri itolewe. La pili ni kifuniko: bila kuuambia mfumo vinginevyo, ukikifunga mashine inalala na seva inalala nayo. Fungua faili la logind.conf, uandike HandleLidSwitch=ignore.

Pima na umeme. Kifaa kinachokula wati 10 muda wote kinamaliza uniti 87.6 kwa mwaka, na kompyuta kubwa ya mezani inayokula wati 80 inamaliza 700.8. Kompyuta ya mkononi huwa karibu zaidi na ile ya kwanza, hasa kioo kikiwa kimezimwa, ndiyo maana naipenda kwa kazi hii kuliko mashine kubwa ya ofisini iliyostaafishwa.

Ukishamaliza miezi kadhaa bila kuichoka, weka Immich kwa ajili ya picha. Ni nzuri kweli, inatafuta sura na mahali, na simu inapakia picha yenyewe. Watengenezaji wake wenyewe wanakuhimiza ufuate kanuni ya nakala tatu, jambo linalonipeleka kwenye barua inayofuata.

SWALI: Fundi, nina diski mbili kwenye seva, zimeunganishwa kwa RAID 1 hivyo kila kitu kinaandikwa mara mbili. Rafiki yangu anasema bado sina nakala rudufu. Nani yuko sahihi? (Mhasibu)

JIBU: Rafiki yako. RAID 1 inakukinga na kufa kwa diski moja, basi. Ukifuta folda kwa bahati mbaya inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Programu ikiharibu hifadhidata, uharibifu unaandikwa mara mbili. Mwizi akibeba mashine anabeba zote.

Kanuni wanayoitumia wengi ni ya 3-2-1: nakala tatu za data, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiahirisha. Tarehe 10 Machi 2021 kituo kimoja cha data cha kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua chote, na baadhi ya wateja waligundua kwamba seva yao na nakala yake zilikuwa kwenye moto mmoja. Kama kituo kizima cha data kinaweza kuteketea, basi nakala iliyo chumba kimoja na seva yako haihesabiki kuwa iko mahali pengine. Ipeleke kwa ndugu, au kodi nafasi ya kuhifadhi kwa kampuni yoyote lakini uifunge kwa usimbaji, isisomeke bila ufunguo, kabla haijatoka nyumbani. Programu za Restic na Borg zote zinafanya hivyo, na zote mbili haziandiki mara ya pili kipande cha data ambacho tayari kimo kwenye hazina, kwa hiyo nakala ya kila usiku haichukui nafasi kubwa.

Sasa niseme jambo lililo moyoni mwangu zaidi. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha ni matumaini. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, usiku, akihangaika na hifadhidata iliyokuwa imezidiwa, alifuta folda kwenye seva isiyo yenyewe. Ilikuwa ndiyo hifadhidata kuu. Gigabaiti zipatazo 300 zikaanza kutoweka, na alipositisha amri zilibaki kama 4.5. Walikuwa na njia tano za kulinda data, na walipozigeukia wakakuta hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi walivyodhani. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa sababu programu ya kuzichukua ilikuwa toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa kabla ya kumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Nawaheshimu sana kwa walichofanya baadaye: walieleza kila kitu hadharani, na kazi ya kurejesha wakaionyesha moja kwa moja watu wakitazama. Sisi wengine tumejifunza kutokana na uwazi ule.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila mwezi chagua faili moja la zamani, lirejeshe kwenye kompyuta nyingine, ulifungue ulione kwa macho. Mara moja kwa mwaka chukua diski tupu ujenge seva nzima upya kutoka kwenye nakala, kana kwamba ile ya awali imeibwa. Utashangaa vitu vidogo vinavyokosekana: faili la mipangilio lililokuwa nje ya folda uliyoiorodhesha, nywila ya hifadhidata, au ufunguo wa kufungulia nakala yenyewe, ambao ulikuwa umehifadhiwa ndani ya seva iliyoibwa.

Na kama programu yako inatumia hifadhidata ya PostgreSQL, usinakili mafaili yake wakati inafanya kazi. Utapata nakala iliyochukuliwa nusu sentensi. Tumia amri yake ya pg_dump kwanza, kisha unakili kilichotoka.

SWALI: Nimefuata maelekezo yote ya kufungua mlango kwenye ruta lakini nikiwa nje ya nyumba seva haipatikani. Ndani ya nyumba inafanya kazi. Nimekosea wapi? (Dereva wa masafa)

JIBU: Inawezekana hukukosea popote. Ingia kwenye ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa intaneti. Ikiwa inaanzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama jengo la ghorofa lenye geti moja na mlinzi asiyejua majina ya wapangaji: ukitoka mwenyewe anakukumbuka na anakuruhusu kurudi, lakini mgeni akifika akikuulizia, mlinzi hana pa kumpeleka. Mlango ulioufungua ni wa chumbani kwako, geti si lako.

Sababu yake ni uhaba. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho kwenye ghala kuu yaligawiwa Februari 2011. Mwaka uliofuata fungu hilo la 100.64 likatengwa rasmi kwa ajili ya watoa huduma wanaogawanya anwani moja kwa wengi.

Uliza kwanza kama wanatoa IPv6, mfumo mpya wa anwani, na kama ruta yako imeiwasha. Huko anwani ni tele na kila kifaa kinaweza kupata yake, ingawa mtandao unaoutumia ukiwa safarini nao lazima uwe na IPv6. Kama haiwezekani, kodi seva ndogo kabisa yenye anwani ya umma, kisha seva ya nyumbani iifikie kwa WireGuard, programu ya kuunganisha mashine kwa njia ya siri. Kwa kuwa nyumbani ndiko kunakoanzisha mawasiliano, mlinzi hana cha kuzuia. Andika PersistentKeepalive = 25 kwenye mipangilio ya upande wa nyumbani ili kila sekunde 25 ipite paketi moja ya kumkumbusha. Bila hiyo njia inafungwa kukiwa kimya.

WireGuard imo ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, ina msimbo mfupi ambao mtu mmoja anaweza kuusoma wote, na haimjibu kabisa asiye na ufunguo. Anayepita akijaribu milango haoni kitu. Kwa sababu hiyo, wewe unayetaka seva kwa ajili yako na watu wa nyumbani tu, nakushauri usiifungue kwa dunia hata kama ungeweza. Kila simu ya familia iwekewe WireGuard na mambo yaishie hapo. Unapunguza sana kazi ya kukesha ukifuatilia udhaifu mpya wa kila programu.

SWALI: Nataka kuwa na seva yangu ya barua pepe. Wengi wananikatisha tamaa. (Mwalimu)

JIBU: Nami nitakukatisha, kwa nia njema. Kupokea barua ni rahisi. Kutuma ndiko kugumu, maana uamuzi uko kwa mpokeaji. Watoa huduma wengi wa intaneti ya nyumbani huzuia mlango 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua, anwani za majumbani huwa kwenye orodha za kuzuiwa hata kabla hujatuma neno, na lazima anwani yako ikiulizwa ni ya nani irudishe jina la seva yako. Juu ya hapo unahitaji SPF, DKIM na DMARC, alama zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti hayo zaidi. Unaweza kutimiza yote hayo na bado barua ya kuomba kazi ikaangukia kwenye takataka bila wewe kuarifiwa.

Nunua domeni yako, yaani jina linalokuja baada ya @ kwenye anwani, barua zibebwe na kampuni inayofanya kazi hiyo, na kila usiku mashine yako ivute nakala kwa IMAP, njia ya kawaida ya kusoma barua zilizo kwenye seva. Kampuni ikikuchosha unahamia nyingine na anwani inabaki ile ile. Uhuru mwingi wa barua pepe uko kwenye domeni, na domeni unaweza kuitunza bila kuwa macho usiku.

SWALI: Hifadhidata ninayoitumia kazini ilibadilisha leseni. Nilidhani programu ikishakuwa huria ni huria milele. (Mtengeneza tovuti)

JIBU: Toleo ulilonalo ni huria milele, hakuna wa kukunyang'anya. Linaloweza kubadilika ni toleo lijalo. Mwenye hakimiliki ana uwezo wa kutoa kazi yake kwa leseni nyingine kesho, na kama hakimiliki yote iko kwa kampuni moja, au wachangiaji walitia sahihi mkataba wa kuikabidhi haki hizo, kampuni haihitaji kumuuliza mtu. MongoDB ilifanya hivyo 2018, Elasticsearch 2021, Terraform 2023, Redis Machi 2024.

Angalia kilichofuata. Watu walichukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaendelea nalo pembeni: OpenSearch ilitoka kwa Elasticsearch, OpenTofu kwa Terraform, Valkey kwa Redis. Zote tatu sasa ziko chini ya Linux Foundation, shirika linalolea miradi huria. Baadaye Elastic mwaka 2024 na Redis mwaka 2025 waliongeza tena leseni huria ya AGPL kwenye matoleo yao. Uwezo wa kuondoka na msimbo ndio uliofanya hayo yawezekane, na kwangu ndiyo maana hasa ya leseni huria. Bei ya sifuri ni jambo la pili.

Kabla hujaegemea programu, fungua orodha ya waliochangia mwaka uliopita. Ukiona karibu wote wanatoka kampuni moja, na kuna mkataba wa kukabidhi haki, tumia ukijua hivyo. Linux kwa upande wake ina maelfu ya wenye hakimiliki chini ya GPL toleo la 2, na hakuna ofisi hata moja inayoweza kuwatafuta wote na kuwashawishi. Wingi wao ni kinga.

SWALI: Shikamoo Fundi. Ni mwanafunzi wa chuo. Niliweka hadharani maktaba ndogo ya kusoma risiti zilizopigwa picha, sasa inatumiwa hata na makampuni. Kila siku napata ujumbe: mbona hujarekebisha, toleo jipya lini. Juzi mtu nisiyemjua amejitolea kusaidia na anataka nimpe ruhusa ya kutoa matoleo. Nimechoka, natamani nimpe tu. (Mwanafunzi aliyechoka)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pumzika kwanza, na funguo usimpe wiki hii.

Nakueleza kisa ambacho kila mtunzaji wa programu anapaswa kukijua. Kuna maktaba iitwayo xz, ya kubana mafaili, iliyomo karibu kila mahali penye Linux. Kwa miaka mingi iliangaliwa na mtu mmoja kwa muda wake wa ziada, bila malipo. Mwaka 2022 zikaanza kumjia jumbe za watu wasiojulikana wakimlaumu kwa uzembe, wakimtaka akabidhi kazi kwa mwingine. Aliwajibu kwa unyoofu kwamba ana matatizo ya afya ya akili na kwamba kazi hii haimlipi. Wakati huo huo kulikuwa na mchangiaji mpole, mchapakazi, aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa akituma viraka vizuri tangu 2021. Hatimaye akapewa ruhusa. Mwanzoni mwa 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri, umefichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio, wa kumwezesha mwenye ufunguo wake kuingia kwenye seva kupitia ssh, njia ya kuendesha seva kutoka mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliyegundua ni Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, na hakuwa akitafuta wadukuzi. Alikuwa akipima kasi ya kitu kingine, akaona kuingia kwa ssh kunachelewa kwa nusu sekunde hivi na kunakula nguvu nyingi za kompyuta. Akafuata uzi huo hadi mwisho, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Matoleo yale yalikuwa bado hayajaenea kwenye mifumo mingi ya kazi.

Sisemi huyo wako ni mwovu. Wengi wanaojitolea ni watu wema, nami nisingefika popote bila wao. Ninachosema ni kwamba uchovu wako ndio mlango, na mlango huo unazibwa kwa kukupunguzia mzigo. Kumwongeza mtu kwa haraka hakukupunguzii. Soma leseni uliyoiweka, MIT au GPL au yoyote ya kawaida: imeandikwa humo kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Hayo si maneno ya mapambo. Hao wanaokudai hujawahi kuwaahidi kitu. Andika juu kabisa ya maelezo ya mradi ni siku gani unasoma ujumbe, na kwamba nje ya siku hiyo hujibu. Yangu imeandikwa hivyo, na waungwana wameizoea haraka kuliko nilivyotarajia. Tatizo la usalama peke yake lipewe anwani yake, nalo ulitazame mara moja.

Huyo mgeni mpe kazi ambayo haihitaji funguo. Apange taarifa za hitilafu, aseme ipi inajirudia, akague viraka vya wenzake aeleze kwa nini kimoja kinafaa na kingine hakifai. Kukagua kunaonyesha akili na tabia ya mtu kuliko kuandika. Miezi ikipita na umemzoea, mpe ruhusa ya kuunganisha viraka, kila kimoja kikipitishwa na watu wawili. Ruhusa ya kutoa matoleo iwe ya mwisho kabisa. Aliyekuja kusaidia kweli hatakasirika kusubiri. Anayekuharakisha mkatae.

Kampuni inayokuandikia kwa ukali ijibu kwa adabu: matengenezo haya yanaweza kufanyika mapema kama mtamtoa mhandisi wenu, au mtalipia muda. Wengine watanyamaza. Wengine watalipa, nimeyaona yote mawili.

Na ukiona huwezi tena, unayo haki ya kufunga mradi. Andika wazi kwamba hautunzwi, uache msimbo mahali pake, atakayetaka auchukue. Hiyo ni heshima kwa watumiaji kuliko kuwaacha wakidhani mtu yupo.

Nikupe na mfano wa kutia moyo, kutoka kwenye kazi yangu ya kalenda. Saa ya karibu kila simu na seva duniani inategemea hifadhidata ya majira ya saa iitwayo tz. Arthur David Olson aliianzisha miaka ya 1980, na imekusanywa kwa kujitolea tangu hapo: kila serikali inapobadilisha saa zake, mtu anaandika mstari. Mwaka 2011 kampuni moja iliwashtaki Olson na mwenzake Paul Eggert kwa kudai hakimiliki ya data za historia, na usambazaji ukasimama kwa siku chache. ICANN, shirika linalosimamia majina na anwani za intaneti, kupitia idara yake ya IANA, ikaipokea, kesi ikaondolewa Februari 2012, na kazi inaendelea mpaka leo. Utaratibu wa nani anamrithi mtunzaji sasa umeandikwa rasmi. Kuna namna ya kupokezana kazi hizi bila kumvunja mtu mgongo, na wewe una nafasi ya kuianza mapema.

SWALI: Mimi si mtaalamu. Mume wangu ameondoa picha zetu zote za miaka kumi kwenye simu na kuziweka kwenye seva aliyoijenga. Anaipenda sana na inafanya kazi vizuri. Lakini akipata ajali leo, mimi sijui hata inawashwaje. Nikimwambia anasema nisijali. (Mke mwenye wasiwasi)

JIBU: Dada yangu, wasiwasi wako ni wa haki, na hili ndilo swali bora nililolipata mwezi huu. Mumeo amefanya kazi nzuri ila hajaimaliza. Naomba umsomee haya yanayofuata, kwa upendo.

Shemeji, anza na diski ya nje ya kawaida, isiyo na programu yoyote maalumu, yenye picha zote kama mafaili ya picha tu, zimepangwa kwa folda za miaka. Ichomekwe kwenye kompyuta yoyote ya jirani na ifunguke. Nakala yako ya restic ni nzuri kwa moto na wizi, lakini kwa mtu aliyefiwa ni fumbo. Diski hiyo iongezewe picha mpya kila baada ya miezi michache, na ikae mahali mkeo anapajua. Ukihofia mwizi akiiona, ifunge kwa nywila ambayo naye anayo.

Halafu karatasi. Karatasi ya kweli, iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa yeye, ikae pamoja na hati za nyumba. Iwe na nywila kuu ya kitunza nywila, na isitegemee kitunza nywila kilichomo ndani ya seva hiyo hiyo, maana seva ikizimika vyote vimezimika. Iwe na ufunguo wa nakala zilizo mbali, ambazo bila huo hakuna duniani atakayezifungua. Iseme domeni imesajiliwa wapi na inalipiwa tarehe gani, kwa sababu domeni isipolipiwa barua pepe za familia nzima zinakatika, na mtu mwingine anaweza kuinunua. Itaje kipi kinaweza kuzimwa bila madhara, ili mkeo asilipie kwa miaka seva ya kukodi ambayo hana kazi nayo. Na iwe na jina la rafiki mmoja anayeyajua mambo haya, ambaye umekwisha kumwomba naye amekubali.

Dada, karatasi ikiwa tayari chagua siku muifanyie jaribio. Seva izimwe. Wewe ukae mezani na karatasi pamoja na ile diski, utafute picha ya siku moja unayoikumbuka, kisha uingie kwenye akaunti ya domeni uone tarehe ya kulipia. Mumeo awepo chumbani lakini asiguse kibodi wala asiseme kitu. Kila mahali utakapokwama aandike pembeni, na jioni hiyo hiyo airekebishe karatasi. Mwezi unaofuata mjaribu tena, safari hii yeye akiwa hayupo nyumbani.